Masomo ya Mwalimu Valeriani

"Imekataa tena," alisema Leonce, fundi wa kompyuta, akaigeuza skrini Selestina ajionee mwenyewe.

Selestina alikuwa ameingia mjini Karatu asubuhi akitokea kijijini Baray, kompyuta kuukuu ya mumewe ameifunga kwa khanga. Humo mumewe, mwalimu Valeriani, alikuwa amerekodi masomo thelathini ya Kiiraqw, lugha ya kwao, kwa programu aliyoiandika mwenyewe miaka ya tisini, na hakuna nyingine iliyoweza kuyafungua. Walimzika wiki tatu zilizopita. Sauti yake haikubaki mahali pengine popote.

"Si umesema faili zote umezihamishia kwenye kompyuta hii mpya?"

"Zipo, mama. Ila prosesa ina ngazi za madaraka. Zamani programu yoyote iliingia moja kwa moja mpaka kwenye kadi ya sauti. Siku hizi mfumo wa uendeshaji umekaa juu peke yake, wengine wote lazima wapige hodi. Hii ya mwalimu haijui kupiga hodi."

"Ajabu," alisema Selestina. "Mwenyewe alipiga hodi hata kwenye zizi la mbuzi."

Leonce alikuwa amejaribu pia kuigiza kompyuta ya zamani ndani ya ile mpya. Ilitoka mikwaruzo mitupu. Ilibaki ile kuukuu yenyewe. Alifungua kifuniko: kapasita, vile vikopo vya kutunza umeme, zilikuwa zimevimba, na kutu ya betri ilikuwa imeila bodi kiasi kwamba isingevumilia kulehemiwa.

"Ikiwaka leo, mama, huenda isiwake tena."

Selestina aliikunja khanga mapajani. "Iwashe, mwanangu."

Leonce aliweka simu karibu na spika, akabonyeza kurekodi, kisha akawasha. Feni ililia. Baada ya muda mrefu, sauti ikatoka.

"Somo la kwanza."

Leonce, ambaye miaka mingi nyuma alikaa dawati la mbele katika darasa la mtu huyo, alijikuta amenyoosha mgongo. Mwalimu alitamka neno la maji, akanyamaza ili mwanafunzi arudie. Akatamka la moto, akanyamaza. Katika somo la pili jogoo aliwika nyuma yake, naye mwalimu akakohoa kwa hasira.

Selestina alicheka, machozi yakimtoka. "Jogoo huyo tulimla Krismasi ya mwaka ule."

Somo la tatu lilipoanza, harufu ya kuungua ilikuwa imeshajaa chumba. Leonce alishika waya wa umeme. Hakuuchomoa.

Mwalimu alitamka neno la kumwita mtu aje. Akanyamaza.

Kimya kikarefuka. Feni ilikuwa imesimama, skrini imekuwa nyeusi. Kwenye simu tu, sekunde ziliendelea kuhesabiwa. Leonce alinyoosha kidole azime kurekodi, Selestina akamshika mkono.

Selestina aliinama karibu na spika, akalirudia neno lile polepole, kama mwanafunzi anayeogopa kukosea. Kisha akasubiri.