Lango Kwenye Ncha ya Yai

Mimi nauza mayai hapa Sori, kando ya ziwa, na kwa miaka yote niliyoyapeleka kwa Milka sijawahi kumwona Jedidah akila hata moja. Jedidah ameolewa na mwana wa Milka, Mwalimu Fanuel, aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu. Katika boma la Milka yai ni la mwanamume. Jedidah aliwakaangia mume, wana na wageni kwa miaka thelathini, mama mkwe akija kufunua sufuria kuhakikisha hajaonja. Mimi ni Mkisii, hayakunihusu, lakini yaliniudhi sana.

Hatimaye Fanuel, ambaye kila mwaka alisema bado anapiga hesabu, alikubali kuhama na kuanzisha dala, yaani boma lake mwenyewe. Kwa Wajaluo hilo si jambo la kubeba magodoro tu. Mume hutoka alfajiri na jogoo, mwana wa kwanza na shoka, mke na moto. Nyumba hujengwa siku hiyo hiyo, na moshi sharti utoke ndani kabla jua halijazama. La sivyo, wote hurudi walikotoka. Milka alikuwa ameshatangaza kwamba wakirudi, hawatatoka tena yeye akiwa hai. Na mama yake Milka alikufa akiwa na miaka mia moja na mbili.

Siku ya kuhama, saa nne, niliitwa nipeleke trei ya mayai. Nilidhani ni ya kuwapikia mafundi, kumbe ni ya kupimia.

Niliwakuta mafundi wameketi juu ya fito. Jedidah alichuchumaa kando, akiulisha vijiti moto wake uliokuwa kwenye kigae cha chungu.

"Mbona hamjengi?" nilimuuliza Werema, fundi mkuu, Mkuria mwenye subira kuliko mimi.

"Nyumba lazima iangalie lango," alisema. "Lango linakaa kwenye ncha ya boma. Na Mwalimu bado hajapata ncha."

Mwalimu alikuwa ameamua boma lake liwe na umbo la yai. Duara, alisema, ni umbo la watu wavivu. Alikuwa amepiga vigingi viwili, akavifungia kamba ya katani, ile ile ya kufungia fito, na mwanawe Chrispine akaizungusha huku akimwaga jivu. Mstari ulitokea mzuri ajabu.

"Hiyo ni yai kabisa, Mwalimu," Werema alisema.

"Hiyo ni duaradufu! Ncha zake mbili zinafanana. Umewahi kuona kuku akitaga kitu kama hiki?"

"Lakini watu wote wataita yai."

"Watu wote huita hata kichwa chako yai!"

Mwalimu akaufuta mstari. Akaizungusha kamba mara mbili kwenye kigingi kimoja ili upande huo uvutwe zaidi, na kweli, mara hii upande mmoja ulichongoka. Ndipo akachukua mayai yangu kulinganisha. La kwanza lilikuwa karibu mviringo. La pili lilirefuka. La tatu hata mimi nililionea aibu.

"Mokeira, kuku wako hawana kipimo?"

"Mwalimu, kuku wangu hawakusoma kwako."

Mafundi waligawanyika, wengine wakashika yai refu, wengine lile nene, na nusura waumane. Niliwakumbusha kwamba wajenga nyumba moja hawagombei fito. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna fito iliyokuwa imesimama. Saa nane ikapita. Saa kumi ikapita. Jua likaanza kuinamia ziwa.

Nilimtazama Jedidah. Vijiti vilikuwa vimekwisha na moto umebaki vikaa viwili. Alitazama jua. Alitazama njia ya kurudi kwa Milka. Kisha akainuka, akang'oa kigingi cha kwanza, akang'oa cha pili, akavivunja kwa goti, akavitia motoni.

"Mama Chrispine!" Fanuel alipiga ukelele. "Hizo ni nguzo za hesabu!"

"Ni kuni," alisema Jedidah. Aliweka mafiga matatu pale pale alipokuwa. "Nyumba iko hapa. Mimi naangalia kule. Basi lango liko kule. Werema, kamba ndiyo hiyo, imelegea, fungia fito."

Sijawahi kuona nyumba ikipanda vile. Fito zilifungwa, udongo ukakandikwa, mabati yakagongwa na watu waliokuwa wamepumzika siku nzima. Jedidah aliyatia mayai yangu yote kwenye sufuria, yale marefu na yale manene, na maji yakachemka ndani ya kuta mbichi. Moshi ulitoka juu ya mlango huku jua likiwa bado na upana wa vidole viwili. Chrispine alirusha shoka juu kwa furaha, tukatawanyika.

Fanuel aliingia kwa upole, ameshika rula yake. Jedidah alikuwa ameketi kando ya mafiga, machozi yakimtiririka, na mkononi ana yai lililomenywa.

Mwalimu aliinama, akalichunguza.

"Sasa hili ncha yake iko wapi?" aliuliza.

"Nimeshaila," alisema Jedidah, bado akitafuna.