Sikio la Waziri

Jumapili ile, kabla hata hajavua viatu mlangoni kwa wakwe zake, daktari wa mifugo aliinusa. Harufu ya chachu iliyolala, ya soksi iliyosahauliwa ndani ya kiatu chenye maji. Akajua sikio limerudi. Hasira ikampanda kutoka tumboni, akaimeza, akatabasamu, akaamkia. Mkwe haingii na hasira ukweni. Huiacha nje pamoja na viatu, na akitoka huikuta pale pale, imekaa inamsubiri.

Mwenye sikio alikuwa mbwa mkubwa wa kahawia, masikio yananing'inia kama mifuko mitupu, jina lake Waziri. Baba mkwe ndiye aliyempa jina hilo, kwa maelezo kwamba anakula kila siku na hakuna ajuaye kazi yake. Lakini aliyemlea alikuwa mke wa daktari, zamani akiwa msichana, tangu mbwa hajafumbua macho, akimnywesha maziwa kwa chupa. Alipoolewa ikabidi amwache kwa wazazi, maana mwenye nyumba wanakopanga hataki kuona hata paka akipita dirishani.

Ugonjwa wenyewe haukuwa wa ajabu. Masikio yote mawili yanawasha, yanajaa nta ya rangi ya kahawa, mbwa anatikisa kichwa mpaka ukuta unaota madoa, na nyayo anazilamba kama aliyekanyaga asali. Daktari alishachukua uchafu ule kwa pamba, akaupaka kwenye kioo, akautazama kwa hadubini: fangasi, wamejazana kama watu kwenye mazishi ya tajiri. Akatoa dawa ya matone. Sikio likapona, likarudi. Akabadilisha dawa. Likapona, likarudi. Kila anayetibu wanyama anaujua mchezo huu. Fangasi ni mgeni tu. Yupo anayemfungulia mlango. Ukimfukuza mgeni bila kumtafuta mfungua mlango, utafukuza mpaka uote mvi. Ila watu wanataka sindano, hawataki maswali. Sindano inamchoma mbwa. Swali linamchoma mwenye mbwa.

Na maswali ndiyo hasa mkwe asiyoruhusiwa kuuliza.

Alijaribu mara moja. Alimuuliza mama mkwe, sauti chini na macho mezani, mbwa anakula nini. Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu, aliyeamini kwamba ugonjwa ni ule wa binadamu na mengine yote ni uvivu.

"Baba," alimwambia, "binti yangu nilimlisha nini hata ukampenda? Basi na mbwa anakula hicho hicho."

Watu wakacheka, kikao kikafungwa. Daktari hakusahau. Hakuwa mtu wa kusahau. Alikuwa bado anaikumbuka siku ya posa, mama mkwe alivyong'aa uso kusikia "daktari," alivyouliza "wa nini?", na ule "ahaa" uliofuata, mrefu kama mkia wa ng'ombe. Alimkumbuka jirani aliyeambiwa, yeye akiwa palepale anasikia, kwamba mkwe wetu anatibu kuku. Aliyatunza yote kichwani, kila neno pamoja na kiti alichokuwa amekikalia.

Hata hivyo alishamtambua mfungua mlango, angalau kwa kumdhania. Masikio yote mawili, nyayo, mwaka mzima bila kujali mvua wala jua: mwili wa mbwa ulikuwa unakataa chakula fulani, na mara nyingi kinachokataliwa ni kile alichokila miaka yote. Kwa Waziri, hiyo ilikuwa nyama ya ng'ombe. Kipimo cha damu cha kuaminika hakuna. Kipimo ni sahani. Unampa chakula kimoja ambacho hajawahi kula, wiki nane, bila hata chembe ya kitu kingine, halafu unaangalia.

Akamtuma mkewe, maana binti humwambia mama lile ambalo mkwe hawezi. Na tuseme haki, mama mkwe alilipokea. Mkunga anajua maana ya mwiko. Alichemsha samaki na viazi kwa mikono yake, akafunga pipa la taka kwa kufuli, akamkaripia jirani aliyerusha mfupa. Na bado sikio likanuka. Daktari akamchukua mbwa akamlaza kwenye chumba cha nyuma cha kliniki yake, mtaa wa pili tu, kwa samaki wale wale na viazi vile vile. Masikio yakawa safi kama ndani ya kikombe. Akamrudisha nyumbani. Na sasa harufu ilikuwa imempokea mlangoni.

Kwa hiyo sababu ilikuwa ndani ya nyumba. Ndani ya nyumba ile, ambamo yeye alijua sebule, meza, na kiti cha wageni.

Mama mkwe hakumngoja akae. Alisema sikio la kufa halisikii dawa. Alisema amechoka kuosha kuta, amechoka kumsikia kiumbe wa Mungu akilia anapoguswa, na kwamba yeye ameona wagonjwa wa kutosha kujua wakati wa kumwacha mtu apumzike.

"Jumapili ijayo," alisema, "njoo na ile sindano ya mwisho."

Mkewe alisimama na sahani mikononi. Hakumtazama mama yake. Alimtazama mumewe, kwa macho ya mtu anayeuliza: wewe ulisoma nini miaka yote ile?

Wakaketi. Nyama ya ng'ombe, mapande makubwa, magumu kama kisigino. Nyumba ile haikuwahi kupika nyama laini, kwa sababu ya baba mkwe. Mzee huyu alikuwa fundi wa magari zamani, na gereji nzima ilimwita Koleo, kwa kuwa alifungua chupa kwa meno, alinyofoa misumari kwa meno, na siku moja, hivi ndivyo anavyosimulia mwenyewe, alikaza nati kwa meno huku mikono yote miwili imeshika injini. Mpaka leo watu wazima wanamwamkia hivyo barabarani: shikamoo, Koleo. Chini ya meza Waziri alikuwa amelala juu ya miguu ya mzee, kama siku zote.

Daktari hakuwa na hamu. Kijiko kikamponyoka, akainama kukiokota, na akiwa kule chini aliuona mkono. Mkono wa mzee ulishuka taratibu kando ya goti, umebeba pande la nyama lililofyonzwa mchuzi mpaka likapauka, halikutafunwa, halikumezwa. Waziri alilipokea kwa ncha ya mdomo, bila haraka, kama mtu anayepokea posho aliyoizoea.

Akainuka. Akamtazama mzee, kwa mara ya kwanza akimtazama kweli. Shavu moja limezama. Anamung'unya kwa upande mmoja, anakohoa kwenye kiganja, kiganja kinashuka. Jumapili zote hizo! Wiki nzima daktari huyu alikuwa akifunua midomo ya mbwa na paka, akiwaonyesha wenyewe, tazameni jino hili, tazameni fizi hii. Halafu Jumapili anakaa mbele ya mdomo mtupu na kuusifia mchuzi.

Baada ya chakula alimfuata mzee barazani. Alizungukazunguka. Alisema siku hizi mambo ya meno yamerahisishwa, yupo rafiki yake ana mikono mepesi. Koleo akamuuliza kama kuku wamekwisha hata ameanza kutibu watu. Akachukua chupa ya soda, akaipeleka mdomoni. Ikakaa pale. Kisha akaishusha, akaigonga kwenye ukingo wa ngazi, kizibo kikaruka.

"Nilikuwa nainusa tu," alisema.

Daktari alihisi uvumilivu ukimwishia. "Baba, Jumapili ijayo Waziri anachomwa. Nitakayemchoma ni mimi."

 Mzee aliligusa sikio la mbwa, mbwa akalia, akauondoa mkono.

"Mama yenu anaipika vile kwa ajili yangu," alisema mwishowe, akiitazama barabara. "Toka tuoane. Hajawahi kunipikia kama mgonjwa. Mimi nimwambie nini?"

Wiki ile daktari hakulala vizuri. Alifoka kliniki, alifoka nyumbani, alimfokea hata paka aliyekuja kwa chanjo. Mbwa anakwenda kufa kwa sababu mtu mzima mmoja hana pa kusemea kwamba meno yamekwisha. Wa pili, mama mkwe, haulizwi. Na yeye, mwenye hadubini, hana kinywa cha kusema alichokiona kwa macho matupu. Na takataka yote hiyo tunaiita heshima, tunaifundisha watoto. Akimtaja mzee, mbwa atapona na Koleo atakufa akiwa hai, mbele ya binti yake. Asipomtaja, ataishika sindano. Mkewe alikuwa hamsemeshi zaidi ya lazima.

Jumapili alikwenda na mkoba. Mama mkwe alipopakua tu, daktari akashika shavu.

"Mama, nisamehe. Meno yangu yameharibika. Siwezi kutafuna nyama."

Kijiko kikasimama hewani. Mkewe akamgeukia. Koleo hakuinua macho.

"Umri huu?" mama mkwe aliuliza, na huruma yake ilikuwa na sukari ndani. Alitaka amkague. Daktari akasema hata upepo ukiingia anaona nyota. Basi sufuria likarudi jikoni, nyama ikasagwa, ikachemshwa mpaka ikasahau kama iliwahi kuwa na mfupa, na ikaletwa kwa wote, maana mgeni haachwi ale peke yake chakula cha mgonjwa. Koleo alikula. Alikula akaongeza, na mkono wake haukushuka kando ya goti hata mara moja.

Bado kulikuwa na mkoba. Daktari alisema sindano ya mwisho haichomwi na mtu anayeumwa jino, mkono unatetemeka. Hapo mkunga alimwelewa mara moja. Akauliza matibabu ya meno yatachukua muda gani.

"Wiki nane, mama. Na kama si usumbufu, mchana ningekuja kula hapa. Kule kazini kote wanauza vitu vigumu."

Akala nyama ya kusaga kila siku ya Mungu. Iliyobaki wazee waliila usiku, na Waziri akabaki na samaki wake na viazi. Alikula mpaka akaichukia, mpaka akaota ndoto anatafuna muwa. Nyumbani, mkewe alimkuta jikoni akivunja karanga mbichi kwa meno kama panya. Akasimama mlangoni muda mrefu, akamtazama taya, kisha akaja akachota karanga na yeye, wala hakuuliza.

Harufu ilikwisha. Nta ikakauka, kisha ikakosekana. Nyayo zikaota manyoya. Mama mkwe aliueleza mtaa mzima kwamba siri ilikuwa kitambaa cha maji ya chumvi, alichokiweka yeye mwenyewe baada ya dawa za mkwe kushindwa, na kwamba mkwe mwenyewe, maskini, msomi mzima, hana meno. Mambo yakafika kliniki. Mwanamke aliyeleta paka mwenye minyoo hakutazama paka, alitazama mdomo wa daktari. Jirani mmoja alimletea uji. Hilo nalo daktari akalitunza kichwani, pamoja na rangi ya bakuli.

Siku ya mwisho ya zile wiki alimkuta Koleo barazani, kichwa cha Waziri kiko gotini, mzee analipindua sikio huku na huku kama anayetafuta kasoro kwenye bomba jipya. Mbwa alikuwa amesinzia. Kutoka jikoni ilisikika sauti ya kinu, nyama inapondwa.

"Daktari," alisema mzee. Hakuwahi kumwita hivyo. "Meno yako yakipona, usimwambie mtu."

Daktari alifungua mdomo. Yote yalikuwa pale, yamepangwa, miaka mizima ya kuku na ahaa. Mzee alimtazama, akangoja, mkono wake umetulia juu ya sikio safi.

"Hayaponi, baba," alisema.

Alipomaliza kula aliaga, akatoka. Hasira yake ilikuwa palepale kando ya viatu. Akaivaa, akafunga kamba.