Idadi ya Wasiojua Kusoma

Echata binti Hamidou alivuka kutoka kisiwa cha Nosy Be hadi bara, Antsahampano, akapanda lori la magunia, akafika Mahajanga mgongo hoi. Hakujali. Uhuru ulikuwa na miaka miwili, na serikali ilikuwa imetoa amri: mwalimu wa watu wazima asiye na cheti, darasa lake lifungwe. Kisiwani aliwaacha wanawake thelathini na wawili wakimngoja yeye na hicho cheti.

Mafunzo ya cheti yalikusanya walimu wa Nosy Be, wa Mahajanga na wa Komori. Kwa wiki tatu walipeana walichonacho. Saindou, mwalimu wa Moroni, alimwonyesha Echata jinsi ya kuchora ubaoni. Echata naye akamfunza kumsahihisha mtu mzima bila kumwaibisha, jambo ambalo Saindou lilikuwa limemshinda.

Siku ya mtihani Echata alipewa darasa la akina mama wa mtaa wa Ampisikina, pamoja na fomu. Mstari wa kwanza uliuliza idadi ya wasiojua kusoma na kuandika. Akaandika: hakuna.

Mkaguzi kutoka mji mkuu akaitazama ile fomu kama aliyeona nzi kwenye uji.

"Hakuna? Basi hawa wamekuja kufanya nini?"

"Kujifunza herufi za pili, bwana. Za kwanza, za Kiarabu, wanazo tangu chuo cha Kurani."

"Hizo ni za sala. Huko si kusoma."

Damu ilimchemka Echata. Pale mbele ameketi Koko Sittou, bibi aliyewaandikia majirani barua za kwenda Ngazidja miaka arubaini, kwa herufi hizo hizo!

"Tamka neno lolote, bwana. Koko ataliandika."

Mkaguzi akatamka kwa Kimalagasi, polepole, kwa dharau: "Taifa huru halihitaji wajinga."

Koko Sittou akaandika, kulia kwenda kushoto, akampa karatasi. Mkaguzi akaigeuza, akaigeuza tena, akaishia kuishika juu chini. Nyani haoni kundule. Akina mama wakaziba vinywa kwa leso.

Saindou, aliyekuwa nje akingoja zamu yake, akaitwa aisome. Kimalagasi alikijua nusunusu, lakini herufi hazikumficha kitu: "Taifa huru halihitaji wajinga." Sasa leso hazikutosha, kicheko kikajaa chumbani.

Uso wa mkaguzi ukasawijika. "Utaratibu ni utaratibu. Sahihisha fomu, Mwalimu Echata, au cheti usahau."

Echata aliwaona akilini wanawake wake thelathini na wawili mbele ya mlango wenye kufuli, akaogopa, tena sana. Lakini aandike kwamba Koko Sittou hajui kuandika, na wino wa bibi wa watu haujakauka? Labda mkono wa mtu mwingine ungeweza.

Akafuta "hakuna". Akaandika: mmoja. Kando yake akaweka, kwa heshima zote, cheo na jina la mkaguzi.

Cheti hakupata. Aliporudi kisiwani, darasa likafungwa Jumatatu, naye Jumanne akalifungua uani kwake, wanawake wote thelathini na wawili wakaja na mikeka yao.

Mwezi uliofuata Saindou akashuka Nosy Be na walimu wanne wa Komori, kila mmoja na cheti chake mfukoni. Wakavua viatu, wakaketi nyuma ya akina mama, wakafungua madaftari wajifunze kwa mwalimu asiye na cheti.