Bati Ishirini na Tatu

"Usiniite mama! Mama yako ungemvua nguo mbele ya mtaa mzima?"

Fundi cherehani alikuwa amesimama mlangoni kwake, tepu ya kupimia shingoni, sindano tatu zimechomekwa kifuani. Ng'ambo ya kamba ya nguo alisimama binti wa chumba cha kona, tunayemwita Kompyuta, macho mekundu kama aliyekata vitunguu. Mimi nilikuwa katikati yao na beseni langu la nguo mbichi, sina pa kupita.

"Sikuandika jina lako, mama."

"Hukuandika jina! Mjane, fundi, miaka tisa, kopo la biskuti. Ulibakiza nini, kipimo cha kiuno?"

Nilitaka kucheka, nikajikausha. Siku nyingine ugomvi wa uani kwetu naufuata na kigoda kabisa. Wa siku ile sikuufurahia, na sababu nilikuwa naijua.

Kompyuta alikuwa ametumia miezi kumi na moja kutengeneza programu ya simu. Mchana kutwa ofisini anawatengenezea watu za kwao, akirudi anaanza yake hata viatu hajavua. Unaiambia una fedha kiasi gani, ulitaka kununua nini, na umezilaza tangu mwaka gani. Yenyewe inakuchorea hicho kitu kikipungua kadiri bei zinavyopanda. Hakuna asilimia, hakuna maneno ya benki. Kama ni mabati, unayaona yamepangwa, halafu yanafutika moja moja, mwaka baada ya mwaka, mpaka leo.

"Watu namba hawaziogopi, shangazi," aliniambia siku moja. "Wanaogopa kuona kitu kinaondoka."

Jana yake, Ijumaa, alikuwa ametutumia majirani wote tuijaribu. Ukurasa wa kwanza akaweka mfano: mjane mmoja fundi aliweka fedha za bati sitini za kuezekea nyumba yake kwenye kopo la biskuti, miaka tisa imepita, leo zinanunua ishirini na tatu, na mbao hazimo. Mfano mzuri, unaeleweka. Ubaya wake, mtaani kwetu mjane fundi ni mmoja. Asubuhi ile mteja wa kwanza alileta suruali ikatwe miguu, akauliza, "Fundi, leo tumebakiwa na bati ngapi?"

"Nataka kitu kimoja tu," fundi akasema, sauti imeshuka. "Habari za kopo umezipata wapi?"

Kompyuta alinitupia jicho mara moja, akaliondoa haraka. "Nilikisia."

"Ulikisia na biskuti?"

Yule mtoto alikuwa amechoka hata kudanganya hawezi vizuri. Nami nikakamua shati ambalo lilikwisha kukamuka.

Fundi akakaa kwenye kizingiti. "Unadhani sijui kwamba zinapungua? Kila mwaka mvua zikikaribia naenda duka la vifaa, nauliza bei, narudi. Mwenye duka siku hizi akiniona hata hanyanyuki. Marehemu alimpa fundi wa paa fedha zote mkononi, mpaka leo yule bwana hatujamwona hata kivuli. Hizi nimezishona mimi, zipu kwa zipu. Nikizitoa zikaliwa tena, nabaki na nini? Zikiwa kwenye kopo, bado nina nyumba. Haina paa, kuta zinaloa, lakini ninayo. Hilo, apu yako inalijua?"

"Hapana," Kompyuta akasema. Alichuchumaa pale pale kwenye maji ya nguo. "Sikuliweka. Sikujua pa kuliweka." Akatoa simu, akabonyeza, akaiinua juu tuone. "Mfano nimeufuta, mama. Nimechelewa, najua."

Hapo ndipo shati liliponishinda, nikalirudisha kwenye beseni. "Shoga, ni mimi. Habari za kopo nilimwambia mimi. Tulikuwa tunapiga soga tu, aliniuliza kama namjua mtu aliyekaa na fedha muda mrefu, mdomo ukanitoka."

Fundi hata hakugeuka. "Nilijua tangu suruali ya asubuhi. Kopo nimekuonyesha wewe peke yako. Nilikuwa nangoja nione utachukua muda gani." Akaniangalia sasa. "Nguo moja umeikamua mara nne."

Nikalichukua lile shati, nikalitundika kambani.

Kisha fundi akanyoosha mkono, "Hebu leta hiyo simu. Hizo ishirini na tatu, nikitoa na za mbao, zinafunika nini?"

Kompyuta akabonyeza, akafuta, akabonyeza tena. "Bati kumi na nne na mbao zake. Chumba kimoja, mama. Kile cha mbele."

"Chumba kimoja." Alikitazama kioo cha simu. "Cherehani inaingia. Kitanda kinaingia." Akanigeukia. "Na wewe, mdomo wako huo unawajua mafundi wa paa wote wa hapa. Yupi hali fedha za watu?"

"Yupo mmoja. Amemwezekea dada yangu. Hashiki fedha kabisa. Unakwenda naye dukani, unalipa mwenyewe, yeye unampa ujira kazi ikiisha. Mkewe anamlalamikia kila siku kwa hilo."

"Basi Jumatatu."

Kompyuta akainua kichwa, kwa woga. "Jumatatu gani?"

"He! Sasa nikisema Jumatatu, hiyo simu inanikata?"

"Inakata kidogo, mama."

Fundi akaguna, nusu ya kicheko. Akashika mlango, akainuka taratibu kwa magoti yake mabovu, akachomoa sindano kifuani moja baada ya nyingine na kuzichomeka kwenye pazia. "Jumatatu hii, saa mbili. Wewe shoga utanifuata, na njiani husimami na mtu." Kisha akamtazama Kompyuta aliyekuwa bado amechuchumaa majini. "Na wewe, toka jana umetia nini tumboni? Inuka hapo. Nawa mikono, ingia ule."