Ukumbi wa Buibui

Kila Dominika baada ya misa, Wivine na mdogo wake Gradi walikwenda kuua buibui katika chumba cha michezo ya video cha mzee mmoja, tata Kabongo, nyuma ya soko la Manika. Walikuwa buibui wa chuma, kwenye televisheni, wanaotoka ukutani katika ukumbi wa chini ya ardhi. Ukiwapiga risasi wanaacha vipande vya vyuma. Ukivikusanya, bunduki yako inaongezeka nguvu. Mwisho wa ukumbi kuna mlango, nao haufunguki mpaka wachezaji wote wawili wasimame mbele yake.

Gradi alikuwa amemwahidi dada yake kwamba siku watakayoufungua mlango huo, ataacha kuchimba madini katika mashimo ya Mutoshi. Ndiyo maana Wivine, ambaye aliona haya hata kumsalimu muuza mkate, aliketi katikati ya vijana wenye kelele akashika manette, kile kidude chenye vitufe cha kuchezea. Kesho alikuwa anaondoka kwenda kufundisha shule katika mji wa Kisenge. Leo ilikuwa lazima mlango ufunguke.

Lakini Gradi hakuusogelea. Alicheza kama alivyochimba: panapotoa madini hapaachwi mpaka pakauke. Na ukumbi huu haukukauka. Buibui walewale walitoka kwenye ufa uleule, kwa mlio uleule, hata Wivine akajua yupi ataruka kulia kabla hajaruka. Waliotengeneza mchezo huu walichoka mapema, aliwaza, wakatuachia sisi uchovu wao. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawaka moto.

Akamwacha ndugu yake katikati ya vita, akaenda kusimama mlangoni.

Gradi aligeuka, uso umekunjamana. Kwa wachimbaji, aliyeshuka na mwenzake hapandi bila yeye. Hata walevi wa Mutoshi hawalifanyii mzaha jambo hilo.

"Yaya, mutu hawezi kuacha mwenzake mu shimo," alimwambia dada yake.

"Mi niko hapa juu ya kukutoa mu shimo. Kuya hapa."

Kijana mmoja wa kiti cha nyuma, Antoine, akamtania Gradi kwamba mama mwalimu ameshapiga kengele, batoto waingie darasani. Wengine wakacheka. Gradi akaja, polepole, akiokota vyuma njiani.

Mlango ukafunguka. Nyuma yake kulikuwa na ukumbi, wenye ufa uleule ukutani. Wakatoka buibui walewale, ila sasa wamepakwa rangi nyekundu, na kule mbali kulikuwa na mlango mwingine.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Gradi akaanza kupiga risasi kwa furaha. Hawa wekundu, alisema, wanatoa vyuma vingi zaidi.

"Gradi. Mulango imefunguka. Utaacha shimo lini?"

Hakumtazama. "Bado. Kuko ingine pale."

"Ulisema hii."

"Nilisema vile juu ulikuwa unalia, yaya. Ningefanya nini?"

Safari hii Wivine hakulia. Alisimamisha mchezo, akatafuta mahali pa kufutia yote waliyocheza. Televisheni ikamuuliza kama ana hakika. Alikuwa nayo. Bunduki, vyuma, Dominika zao zote, vikaenda.

Ndipo Gradi aliporuka kutoka kitini na kumnyang'anya manette, akifoka kwamba amemharibia kazi yake. Kwa lile swali la shimo hakuwa amegeuza hata shingo.

"Basi endelea kuchimba," Wivine alimwambia.

Akatoka akijipenyeza kati ya magoti ya vijana. Nje akasimamisha taxi-moto, pikipiki ya abiria. Kabla dereva hajaiwasha, alisikia kutoka ndani mlio wa buibui wa kwanza akitoka kwenye ufa, na sauti ya Gradi ikimwita Antoine aje akae kwenye kile kiti kilichobaki wazi.