Goti la Mwanajeshi

Kwa miezi mingi Huguette alikuwa akiupasua mchezo wa vita wa kompyuta. Alikuwa na hamu na injini yake ya michoro tu, ile inayochora kuta, vivuli na mwanga kila unapogeuza kichwa. Alitaka kuifanya ifuate kanuni za pamoja za mtandao, ili ukurasa wake ufunguke ndani ya miwani ya uhalisia pepe ya kampuni yoyote ile. Bunduki alizing'oa. Kambi ya jeshi akaigeuza sebule ya bibi yake, hadi vitambaa vya kufuma juu ya viti, maana huyu binti hajui kufanya jambo nusunusu.

Bibi huyo, Koko Séraphine, alikuwa kwao Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na miguu ilishamkatalia safari. Naye alikuwa ameapa: Huguette haolewi na mwanamume ambaye hajampigia yeye magoti ana kwa ana. Simu ya video hakutaka hata kuisikia, ila kukutana sebuleni mwake kwa miwani alikubali kujaribu.

Siku ikafika. Chumbani kwa Huguette, Bugolobi, mchumba wake Wangila, Mkenya muuza vipuri wa Nateete, alivaa suti ya kanisani na miwani ya kuazima. Bukavu, binamu Elisée akamvisha Koko miwani ya aina nyingine kabisa. Huguette akafungua ukurasa.

"Yesu! Hii si kiti yangu?" Koko akapaza sauti.

Imekubali! Huguette akaruka kama mtoto. Wangila naye, bila kuambiwa, akapiga magoti.

Koko akamkagua kutoka juu hadi chini. "Huguette, mbona kijana yako eko ananisimamia kama askari?"

"Koko, nimepiga magoti! Magoti iko chini kabisa!" Wangila akajitetea.

Huguette akaelewa kosa. Injini ilikuwa bado na kimo cha mwanajeshi wa mchezo aliyesimama: miwani ilisema kichwa kimeshuka, injini haikusikia. Kuirekebisha ni kufungua ukurasa upya, na mkwe atoweke mbele ya macho ya Koko.

"Elisée, nitolee hii kitu kichwani," Koko akasema.

Hapo Huguette akakumbuka kitufe alichosahau kukiondoa kwenye rimoti ya mkononi, cha mwanajeshi kuchutama kukwepa risasi.

"Wangila! Kidole gumba, kitufe cha chini! Bonyeza, usiachie!"

Wangila akabonyeza. Ndani ya sebule ile akashuka mpaka akawa anamtazama Koko kutoka chini.

Koko akaanza kuomba. Akawaombea waliozikwa njiani wakati wa kukimbia vita, akawataja mmoja mmoja, kisha akawageukia watoto ambao hawajazaliwa. Kidole cha Wangila kilitetemeka, jasho likamtoka, lakini hakuachia. Huguette alilia wazi bila kujifuta.

"Amina. Inuka, mwana wangu," Koko akasema. "Ikala kwa kiti. Hapa ni kwenu."

Wangila akavua miwani, akanyoosha mkono. "Huguette, hii kidole imekufa."

"Wacha ife," Huguette akasema, akikibusu. "Imenipatia bwana."