Siku Mke Wangu Alipopigiwa Makofi

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumanne, tarehe nne mwezi wa tatu, siku mke wangu alipopigiwa makofi.

Nilikuwa nje, dirishani, maana wanaume hatukuruhusiwa kuingia chumba kile cha kundi la kupunguza uzito. Wanawake wamekaa kwenye viti vya plastiki, mizani iko katikati yao kama bibi harusi. Matroni, msimamizi wa zahanati, akamshika mke wangu mkono na kumsimamisha mbele. Akasema huyu mama alikuja hapa hawezi hata ngazi, mtazameni leo. Wakapiga makofi. Akazawadiwa taulo la njano. Mke wangu akacheka huku mkono mmoja umeshikilia sketi isimvuke. Kicheko chenyewe nilikijua: ndicho anachomchekea mgeni asiyejua kuondoka.

Mimi nashona makochi. Shule niliiachia darasa la nne, kwa hiyo ya kitabibu sijifanyi kuyajua. Ninachojua ni kwamba mwaka mmoja kabla, mke wangu alianza kutoka damu, na hedhi ilishamkatika zamani. Mwenyewe alilifanya mzaha, eti ujana umemkumbuka. Binti yetu hakucheka. Alimburuta mpaka kwa daktari wa zahanati, nami nikafuata nyuma.

Daktari hakumlaza kitandani, hakumgusa. Alimtazama tu, tangu mlangoni hadi kiti kilipolia chini yake.

"Mama, tatizo lako ni mwili. Punguza kwanza, hayo mengine yatakaa sawa."

"Nitapunguza, mwanangu," mke wangu akamjibu. "Ila na wewe, tumbo lako ndilo lililonikaribisha."

Tulicheka njia nzima.

Akaandikishwa kundi la Jumanne. Akaacha sukari, akaacha mafuta, alfajiri anazunguka uwanja wa shule na raba za binti yake. Akapungua. Akazidi kupungua, hata wiki alizoshindwa kutembea. Kila alipoigusia damu, matroni alimwambia avumilie, mwili unajisafisha. Majirani wakasema amerudi usichana. Nami nikiwa barazani na misumari yangu mdomoni, nilikuwa namsikia uani akifua vitambaa. Anafua, anakamua, anafua tena.

Wiki ile ile ya makofi akaanguka bafuni.

Hospitali kubwa tulimkuta daktari mwingine, mwanamama mpole. Saratani ya mfuko wa uzazi, akasema, na imeshasambaa. Nikamuuliza imetoka wapi. Alinieleza taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba: mafuta ya mwilini nayo hutengeneza homoni, na hedhi ikishakatika, homoni hizo huuchokoza mfuko wa uzazi, ndiyo maana mwanamke mnene yuko kwenye hatari zaidi. Si kwamba kila mnene ataugua. Lakini damu baada ya hedhi kukoma, hiyo haisubiri, inachunguzwa mara moja.

Tulidhani mgonjwa amelala.

"Kumbe nilifanya vizuri kuwaambia kule zahanati," mke wangu akasema, akageukia ukutani.

Tangu tumzike situlii. Naanza kochi, naliacha halijavaa kitambaa, nachukua kofia, natoka, narudi, sikumbuki nilifuata nini. Binti ananiambia, baba, keti ule. Naketi, miguu inatembea chini ya meza. Yule daktari wa zahanati amepandishwa cheo, sasa yuko ofisi yenye zulia na mlango wenye mlinzi. Wakubwa hawaanguki, wanahamishwa.

Jumanne iliyopita nilijikuta tena dirishani kwa kundi lile. Matroni akatoka, akaniita baba kwa sauti ya msibani, akanionyesha kisanduku cha maoni. Nikamwambia mwandiko wangu unatosha kuweka alama kwenye mbao tu, langu nitalisema kwa mdomo. Ndani wanawake wakageukia dirishani, mmoja akiwa bado juu ya mizani.

Akasema, haya baba, sema.

Nikasema:

"Mlijua unene unaleta saratani. Unene mliuona, damu mliambiwa. Mbona saratani hamkuitafuta?"